Kaunti Kavu na Majani Mabichi

Siku ile mpumbavu alikuwa Dorsey Lykins, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo kwenye ngazi za duka la mbolea, ukamsogezea nafasi ya kukaa, atakusimulia bila kulazimishwa, na pale penye aibu hapunguzi kitu. Hupaongezea chumvi kidogo, maana aibu ya mtu ni mali yake, aiuze apendavyo. Ila waliokuwepo huisimulia vizuri zaidi, kwa sababu yeye sehemu kubwa ya mambo alikuwa amefumba macho.

Ilianza Jumamosi moja ya Agosti. Dorsey alikuwa amekata majani ya klova katika shamba la bondeni, akayalaza mistari mistari yangoje jua, yakauke yafungwe marobota ya kulisha ng'ombe wakati wa theluji. Kila mtu katika kaunti ya Pruitt, hata asiye na mbuzi, anajua majani hupimwa namna gani. Unachukua konzi, unayasokota kama unayekamua nguo. Yakivunjika, yako tayari. Yakijikunja tu, nenda nyumbani ukalale, urudi kesho. Na kila mtu anajua kwamba konzi hilo huchukuliwa chini ya mstari, upande uliolalia ardhi, wala si juu. Dorsey alichukua juu. Akasokota, yakavunjika, akafuta mikono kwenye suruali.

"Yamekauka," akasema.

Ndani ya pikapu, dirisha likiwa wazi, alikuwa ameketi mkwewe, Bibi Zelpha Maggard, mama mzaa mkewe, mjane wa miaka mingi, ambaye hakubali kuachwa nyumbani siku ya majani. Alishuka polepole, akainama, akachomoa konzi lake chini kabisa ya mstari, akaliweka shavuni kama anayesikiliza.

"Haya mama, yamekauka hayajakauka?" akauliza Dorsey, jicho kwenye saa.

"Mkwe wangu," akajibu bibi, "mume wangu nilimzika wiki ya mvua, na alikuwa mkavu kuliko haya."

Dorsey akacheka, akawasha trekta. Alikuwa na haraka. Alasiri ile palikuwa na mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa mahakama, na msemaji mkuu alikuwa yeye.

Hapa inafaa kueleza kidogo. Watu wa Pruitt wana neno hilo moja, kavu, na hulifanyisha kazi kama nyumbu wa kuazima. Majani ni makavu. Ng'ombe aliyeachwa kukamuliwa akingoja kuzaa, ni mkavu. Ubao wa mwaloni uliokaa miaka chini ya paa ni mkavu, na mlevi aliyeacha chupa ni mkavu, na mkate wa mahindi wa dada yake mchungaji ni mkavu, ingawa huo hakuna mwenye ubavu wa kuutangaza. Bibi Zelpha, kwa mizaha yake isiyo na tabasamu, naye husemwa ni mkavu. Juu ya yote hayo, kaunti yenyewe ni kavu, yaani ndani ya mipaka yake pombe haiuzwi, tangu enzi za mababu. Mgeni akisikia hudhani watu hawa ni maskini wa maneno. Wapi. Wanajua barabara ni ukavu upi unaotajwa saa ipi. Na kuhusu ule wa kaunti wanajua zaidi: ule ni wa kusema tu, haupimwi kwa kusokota.

Mwaka ule watu fulani wa mjini walikuwa wameomba kura ipigwe, kaunti iruhusu pombe iuzwe dukani kama kwingineko. Kura ilipangwa Jumanne ya wiki ya pili baada ya mkutano huo. Wabaptisti wakaunda kamati ya kuulinda ukavu, na mwenyekiti wakamchagua Dorsey Lykins, shemasi, mwenye sauti nzuri na historia safi.

Historia ilikuwa safi kwa juu, kama konzi lile la majani. Dorsey ndiye aliyekuwa akiuza wiski.

Hakuanza kwa uroho. Kiwanda cha maziwa kilipoacha kuchukua maziwa ya wakulima wadogo, aliuza ng'ombe wa kukamua, akabaki na wa nyama wachache na usingizi mfupi. Akagundua kwamba ng'ambo ya mpaka wa jimbo wiski huuzwa dukani mchana kweupe, na kwamba pikapu yake haikuwa na dini. Akawa anakwenda, ananunua, anarudi na chupa ndani ya maboksi ya mitungi ya kuhifadhia matunda, maboksi yasiyo na alama. Mteja naye alikuwa na adabu zake. Hufika, huacha dirisha la gari wazi, huenda uani kusifia ndama. Akirudi, chini ya kiti pana kitu, na juu ya kigogo cha kupasulia kuni Dorsey ameshakuta chake. Hakuna aliyetamka neno. Kila mteja aliondoka akiamini yuko peke yake katika kaunti nzima. Ndama wa Dorsey, wenye kwato zilizopinda, ndio waliosifiwa kuliko ndama wote wa Kentaki.

Kwa hiyo pale uwanjani Jumamosi ile walisimama jukwaa moja Ndugu Hobert Combs, mchungaji, aliyeuchukia ulevi kwa moyo wake wote, na Dorsey, aliyejua kwamba siku duka likifunguliwa barabarani hakuna tena atakayekuja kusifia ndama. Mmoja alisimama kwa imani, mwingine kwa tumbo, na mbao za jukwaa hazikuona tofauti. Dorsey alihutubia vizuri. Alitaja watoto, alitaja babu zao, alikaribia kulia. Mtu mwenye macho makavu anaweza kulia wakati wowote akitaka.

Nyuma yake, bondeni, marobota yalikuwa yameshafungwa na kupangwa ghalani mpaka juu. Na nyuma ya marobota hayo mapya, kwenye kona ya ndani kabisa, palikuwa na ukuta mdogo wa majani ya mwaka jana, na nyuma ya ukuta huo, maboksi.

*

Alhamisi asubuhi Arvella, mke wa Dorsey, alirudi kutoka ghalani na ndoo tupu.

"Unasikia harufu?" akamuuliza mumewe.

"Harufu ya nini?"

"Kama mtu anachemsha tumbaku na sukari guru. Nenda kanuse mwenyewe."

Dorsey akaenda. Hakuhitaji kunusa mara mbili. Majani mabichi yakifungwa hujipika yenyewe kwa ndani. Yanachemka taratibu, hayatoi moshi, hayasemi, halafu siku moja yakipata hewa yanalipuka, na ghala linakwenda na kila kilichomo. Akachukua nondo ndefu, akaisukuma katikati ya rundo, akaiacha, akaenda kunywa maji. Aliporudi akaichomoa na kuishika ile sehemu iliyokuwa ndani. Aliweza kuishika, lakini kwa kubadilisha mikono.

Kwa jambo hili Pruitt wana desturi isiyo na mjadala. Ukiisikia harufu ile unapiga simu, na kila mwanaume mwenye mikono anaacha anachofanya anakuja. Zima moto wa kujitolea wanakuja, ambao ni watu walewale wa kanisani wakiwa wamevaa kofia nyingine. Wanalowesha, wanatoa robota moja moja mpaka rundo liishe. Hakuna anayekucheka sana, kwa sababu kila ukoo una ghala lake lililowahi kuungua.

"Nampigia Ndugu Hobert," akasema Arvella.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Liwake ndipo tuamini?"

"Huenda likatulia lenyewe. Mengine hutulia."

Arvella aligeuka kulitazama ghala. Ghala lile alilijenga baba yake, Enos Maggard, kwa miti aliyoikata mwenyewe mlimani. Ndani yake palikuwa na chakula chote cha ng'ombe cha majira ya baridi. Likiungua, ng'ombe watauzwa kabla ya theluji, na ng'ombe wakiuzwa, shamba lisilo na ng'ombe huwa linajiuza lenyewe. Hayo yote Dorsey aliyajua, na ya maboksi Arvella naye aliyajua, kwa namna mke anavyojua: hakuwahi kuulizwa, hakuwahi kusema.

"Mpaka chakula cha mchana," akasema Arvella. "Baadaye nisilaumiwe."

Dorsey akaenda nyuma ya ghala na mtaimbo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: ang'oe mbao mbili za ukuta wa nyuma, atoe maboksi kimya kimya, ayafiche kwenye banda la kuku, kisha aite watu kwa moyo mweupe. Alichoogopa si kwamba wangejua. Wengi wao alishawapitishia chupa chini ya kiti. Alichoogopa ni kwamba wangejua mbele ya wenzao. Mtu anayejua peke yake hukausha kimya, maisha yanaendelea. Watu wakijua pamoja, ni lazima washtuke, na watu wazima wakishashtuka hadharani, hawarudi nyuma kwa urahisi. Angeondolewa ushemasi, angefutwa kanisani, na Arvella angekuwa anakaa peke yake kwenye benchi la familia yao mpaka azeeke.

Ubao haukutoka. Alibana, akaning'inia, akatukana kwa sauti ndogo ya kishemasi. Msumari ulilia tu.

"Unatafuta nini kwenye ukuta wa marehemu?"

Bibi Zelpha alikuwa amesimama kwenye kona, fimbo mkononi, kofia ya jua kichwani.

"Nataka kuingiza hewa, mama."

"Hewa. Moto unaupulizia ili upoe."

"Kidogo tu."

"Mbao hizo Enos alizikausha miaka mitatu kabla ya kuzipigilia. Alikuwa akisema mwizi akija atachoka mwenyewe aende zake. Hakuwaza kwamba mwizi atakuwa anakula mezani kwetu."

"Mama, mimi si mwizi."

"Sawa. Maboksi ni mangapi?"

Mtaimbo ukamtoka Dorsey mkononi, ukaangukia kiatu. Akameza maumivu pamoja na mate.

"Maboksi yapi?"

"Dorsey," akasema bibi, bila kupandisha sauti, "mimi ni mzee, si kipofu. Nimefuga ng'ombe maisha yangu yote. Ndama wako hata mama zao hawawasifii."

Dorsey akaokota mtaimbo, akaushika tu kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike. Kutoka ndani ya ukuta joto lilikuwa likimjia usoni kupitia nyufa.

"Kura ni Jumanne," akasema.

"Najua kura ni lini."

"Wakinikuta na haya, wale wa mjini watacheka mpaka wafe. Na Ndugu Hobert… yule mtu alinishika mkono mbele ya watu, mama. Alisema mimi ni nguzo."

"Nguzo ziko humo ndani, na zinaiva." Bibi akageuka kuondoka. "Mimi naenda kukaa barazani. Ukiamua, piga kelele upande wa kushoto. Sikio la kulia nimewaazima wahubiri."

Dorsey alibaki peke yake pale nyuma. Hakuna anayejua aliwaza nini, na yeye mwenyewe huwa anaruka sehemu hiyo. Kinachojulikana ni kwamba alizunguka mbele, akaisukuma nondo tena, na alipoichomoa safari hii hakuweza kuishika kabisa, ikamtoka ikaanguka chini. Mvuke mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye ncha ya paa. Mbayuwayu waliokuwa wamejenga kwenye boriti walikuwa nje, wanazunguka, hawaingii.

Akaingia jikoni, akampita Arvella, akanyanyua simu ya ukutani mwenyewe.

"Ndugu Hobert? Ni Dorsey. Majani yangu yanaungua kwa ndani."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Sasa ni saa nane, Ndugu Dorsey."

"Nilikuwa na shughuli."

*

Walikuja pikapu kwa pikapu, vumbi likiwatangulia. Lori jekundu la zima moto lilikuja mwisho, kwa sababu ya mlima. Mbele ya wote alikuwa Lonzo Tackett, shemasi mwenzake Dorsey, mwanaume mnene mwenye sauti ya kuita nguruwe kutoka shamba la jirani. Lonzo alijifunga kamba kiunoni, akatandaza mbao juu ya rundo ili asitumbukie kwenye shimo lililoungua kwa ndani, akapanda. Ndugu Hobert, ambaye mgongo wake haukumruhusu kubeba, alipewa bomba la maji asimame nje, uwanjani, aloweshe kila kinachotoka.

Wanaume wakajipanga mstari kutoka juu ya rundo mpaka nje. Marobota yakaanza kupita mkono kwa mkono, yakirushwa mwisho wa mstari kama vitu visivyo na mwenyewe. Mengine yalikuwa ya kijani, mengine rangi ya kahawa, mengine yakipasuka yalikuwa meusi katikati kama moyo wa mkopeshaji.

"Dorsey," Lonzo akaita kutoka juu, "haya uliyafunga au uliyapika?"

"Ni kwa ajili ya ng'ombe wasio na meno," akajibu mwingine kwenye mstari.

"Jumamosi alikuwa akihubiri ukavu. Majani hayakusikia, yalikuwa mbali na spika."

"Wenzangu, mcheni Mungu," akasema Dorsey, akipokea robota na kulipitisha. Alikuwa amejiweka katikati ya mstari, akitarajia nini hata hajui.

Robota moja likashika moto hapo hapo lilipotua. Ndugu Hobert akalimaliza kwa maji, uso umemng'aa, maana si kila siku mchungaji anapata moto wa kuuzima kweli. Kazi ikaendelea. Joto la ndani lilikuwa linakausha jasho kabla halijadondoka. Mstari ukazidi kuingia ndani, rundo likapungua, mpaka Lonzo akafika kwenye ule ukuta mdogo wa majani ya mwaka jana. Akatoa robota moja. La pili.

Sauti yake ikakatika katikati ya mzaha.

Mstari ukasimama. Wa nje hawakuona kitu, wakadhani amekuta moto. Dorsey aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake, kile kimoja kikiwa na alama ya mtaimbo. Kisha kutoka juu likashuka boksi la kwanza.

Halikurushwa. Lonzo alilishusha kwa mikono miwili, kama mtu anayempokea mtoto mchanga kwa mkunga, akampa aliyefuata, naye akampa aliyefuata, kila mmoja akikaza tumbo na kupunguza mwendo. Lilipomfikia Dorsey alilipokea kutoka kwa jirani yake, na jirani yake alikuwa ametazama pembeni, akichunguza mawingu ambayo hayakuwepo. Marobota yote yalikuwa yametupwa juani, ovyo. Boksi lilibebwa mpaka chini ya mti wa hikori, likawekwa kivulini, wima. La pili likafuata, na la tatu. Moja lilipotua limeinama, mmoja wao alirudi hatua chache akalisimamisha sawasawa, akalipapasa juu. Hakuna aliyetia neno. Walikausha wote, wazee kwa vijana, kama watu wanaobeba jeneza la mtu aliyekuwa akiwadai.

Yalipokwisha, utani haukurudi. Marobota ya mwisho yalitoka kimya, mpaka sakafu ya ghala ikaonekana, na mvuke ukaisha kwenye ncha ya paa. Lonzo akatoka, akafungua kamba kiunoni. Ghala la Enos Maggard lilikuwa limesimama. Nusu ya majani ilikuwa imeharibika, na nusu ilikuwa inafaa ikianikwa tena. Arvella alitoka na madumu ya chai ya barafu, akagusa nguzo ya mlangoni kwa kiganja alipopita, akaona ni ya moto lakini nzima. Mama yake alimfuata nyuma akibeba vikombe, kisha akajitafutia ndoo ya kukalia.

Ndugu Hobert akafunga maji. Akaja akijifuta uso kwa leso, anacheka, ana furaha ya mtu aliyefaa kitu. Akapokea chai. Ndipo akaona kivuli.

"Na maboksi yale," akauliza, "yana nini?"

Watu wakanywa chai.

"Ni mitungi yako, Dada Arvella?"

Arvella akafungua mdomo. Dorsey akamtangulia.

"Ni wiski, Ndugu Hobert," akasema. "Ya kuuza. Ni yangu, mke wangu hahusiki."

Mchungaji akaweka kikombe chini kwenye nyasi, kwa uangalifu, kana kwamba ndicho kilichosema.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Lonzo.

"Wiski?" akasema kwa ile sauti ya kuita nguruwe. "Wiski, Dorsey? Wewe? Mwenyekiti wa kamati? Tumekaa meza moja na wewe, tumeomba pamoja na wewe. Jumamosi nilikupigia makofi mpaka mikono ikaniuma."

"Nilikusikia," akasema Dorsey.

"Jamani, mimi miguu inatetemeka." Na kweli alijishika kwenye lori. "Ndugu Hobert, jambo hili halilali. Leo hii, kabla jua halijazama, avuliwe ushemasi. Jumapili asimamishwe mbele ya kanisa, jina lifutwe. Na kamati ipate mwenyekiti mwingine, watu wapige kura wakijua tuko safi. Mkinituma mimi, sitakataa."

Wengine wakapata sauti zao. Mmoja akasema ni pigo. Mwingine akasema mke wake akisikia atalazwa. Wa tatu, aliyelisimamisha lile boksi lililoinama, akasema ulevi huanza na chupa moja.

"Ghala bado linafuka," akasema Arvella, "na mnataka kumzika mtu."

"Dada Arvella, majani ni majani. Kanisa ni kanisa."

"Angenyamaza lingeungua, na hamngejua kitu. Amepiga simu mwenyewe."

"Alipiga saa nane," akasema Lonzo. "Tangu asubuhi alikuwa akifanya nini? Akilinda chupa. Muulizeni."

"Ni kweli," akasema Dorsey. "Nilikuwa nikizilinda."

Majina yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Alijua nani hupenda ile ya mahindi na nani ile ya shayiri, nani huja Ijumaa na nani hungoja mkewe aende kwa dada yake. Lonzo alikuwa mtu wa kila Ijumaa. Dorsey akamtazama, kisha akatazama pengine. Mlanguzi naye ana miiko yake, na huu ndio uliokuwa wa kwanza. Akayameza majina moja moja, yakashuka.

Ndugu Hobert akamsogelea Dorsey. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama.

"Nilikuita nguzo," akasema.

"Uliniita."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo, Ndugu."

"Basi itabidi iwe kama Ndugu Lonzo anavyosema. Sioni njia nyingine." Akawageukia wanaume, waliokuwa wamesimama nusu duara, majani yamewaganda shingoni. "Lakini nataka kujua jambo moja, na nawauliza kama mchungaji wenu. Kuna mwingine hapa aliyekuwa anajua?"

"Hakuna," akasema Lonzo haraka. "Hakuna hata mmoja, Ndugu Hobert. Sisi sote ndio kwanza tunasikia sasa hivi kutoka kinywani mwake, kama wewe. Ni mshtuko kwetu sote."

Nusu duara ikatikisa vichwa. Bibi Zelpha, pale kwenye ndoo, alimaliza chai yake, akamwaga barafu iliyobaki kwenye nyasi.

"Ndugu Hobert," akasema, "maboksi yale yamepita mikononi mwa wanaume wote hawa, toka ghalani mpaka kivulini, na aliyeuliza yana nini ndani ni wewe peke yako."